Je, naweza kukomaa kiroho na watu wasio wa kanisa langu?

Swali: Shikamoo mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Majengo hapa Moshi. Ni Mlutheri wa kuzaliwa, kwetu Machame. Tangu mwaka juzi tunakutana wanawake watatu kila Alhamisi jioni kusoma Neno na kuombeana. Mmoja ni Mkatoliki wa Kibosho, ndiye aliyeniletea mtori karibu kila siku nilipojifungua mtoto wa pili. Mwingine ni Mpentekoste. Tulijuana kwenye kikoba. Mwanzoni tulifurahi sana, lakini miezi hii ni kubishana tu: Bikira Maria, ubatizo wa watoto, kunena kwa lugha. Hata Baba Yetu tunapishana katikati. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu ameniuliza kama nataka kuhama dhehebu. Wiki ya pili hii sijaenda, na ujumbe wa yule wa Kibosho sijaujibu. Je, niwaache nitafute watu wa kanisa langu? Nasali, ila naona nimekwama palepale, hasa kwa hasira niliyonayo kwa mama mkwe.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nimekuwa mchungaji zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, na nimeona mara nyingi kwamba mtu akileta shida yake kwa maneno mengi, yenyewe hasa huwa kwenye sentensi ya mwisho. Yako iko hapo. Umeeleza Bikira Maria, ubatizo, lugha, mzee wa kanisa, halafu ukiwa unaelekea mlangoni ukamtaja mama mkwe.

Naomba nikuulize. Katika Alhamisi zote za karibu miaka miwili, ni mara ngapi hao wenzako wamekuuliza habari za mama mkwe wako? Nahisi hawajui kitu. Wanajua unavyoamini kuhusu watakatifu, wanajua ulibatizwa ukiwa na miezi mingapi, lakini hawajui ni nini kinachokukosesha usingizi. Mmekuwa mkichunguza makanisa yenu bila kuchunguzana mioyo. Mabishano ya mafundisho yana utamu wake, kwa sababu ukibishana kuhusu Maria hakuna atakayekuuliza mara ya mwisho kumpigia simu mama wa mume wako ilikuwa lini.

Kwa hiyo usiwaache. Lakini usirudi kama ulivyoondoka.

Tuanze na hili la kuhama dhehebu. Wewe ni Mlutheri kwa sababu babu zako ni wa Machame, na yeye ni Mkatoliki kwa sababu babu zake ni wa Kibosho. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1891, na Kibosho mwaka 1893. Mwaka huohuo wa 1893 wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, waliingia Machame. Kabla ya hapo, watu wa Kibosho chini ya mtawala wao, Mangi Sina, na watu wa Machame walikuwa wakivamiana na kuporana ng'ombe. Injili ilipokuja, kila upande ukapata wamisionari wake, na uadui wa zamani ukavaa kanzu. Nilipokuwa kijana, niliwahi kusikia mzee akisema binti yake hawezi kuolewa ng'ambo ya pili "kwa sababu ya imani", na kila mtu pale alijua kwamba anazungumzia ng'ombe.

Sisemi kwamba tofauti zetu ni za mito na makorongo tu. Zipo za kweli, na anayekwambia hazina maana hajawahi kuzisoma. Lakini zijue kwa ukubwa wake halisi. Jambo lililoyagawa makanisa yetu wakati wa Martin Luther, yaani mtu anahesabiwaje haki mbele za Mungu, limezungumzwa kwa miaka mingi, na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kulihusu. Tunakiri pamoja kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa sababu ya stahili yoyote iliyo ndani yetu. Wamethodisti wakaliunga mkono mwaka 2006. Ubatizo wa Walutheri na wa Wakatoliki tunatambuliana. Ndugu yako Mpentekoste ana mtazamo mwingine, kwamba abatizwe aliyeamini mwenyewe, tena azamishwe majini, na hilo hamtalimaliza ninyi watatu sebuleni siku ya Alhamisi. Liacheni lilale. Meza ya Bwana nayo bado hatuishiriki pamoja na Wakatoliki. Ukienda naye Misa, usijipange kwenye mstari wa komunyo ili kumwonyesha upendo. Kaa kwenye benchi lako, uombe, na uchungu wa kukaa hapo umpelekee Yule aliyeomba usiku ule kabla ya kufa kwamba wote wawe na umoja. Uchungu huo ni sala tosha.

Na Baba Yetu. Hapa nitakawia kidogo kwa sababu napapenda. Wewe unasema "ufalme wako uje", yeye anasema "ufalme wako ufike". Wewe "utuokoe na yule mwovu", yeye "utuopoe maovuni" halafu anasema Amina, wakati wewe na Mpentekoste bado mnaendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako". Naijua aibu ya pale mwishoni, mmoja amenyamaza na wengine wanaendelea. Fanyeni hivi: wiki hii salini ya kwenu, wiki ijayo salini ya kwake, wote watatu, polepole. Mimi Mlutheri niliisali ile ya Kikatoliki miaka mingi bila kulisikia neno "kuopoa". Kisha mwaka mmoja kijana akazama mtoni, nikasimama ukingoni na wazazi wake huku wanaume wakimtafuta. Kuopoa ni kumtoa mtu ambaye maji yameshamfunika. Tangu siku ile, nikiwa nimezidiwa, maneno yanayonijia ni ya jirani zangu wa Kibosho: utuopoe.

Sasa tuje kwenye kukua. Wewe uko kwenye kikoba. Usipofika siku ya mkutano, simu yako inalia kabla hujafika nyumbani: uko wapi, hisa zako vipi, marejesho je? Lakini unaweza kukosa ibada Jumapili tatu na usitafutwe na mtu. Kwa nini tunafuatiliana kwa shilingi na hatufuatiliani kwa roho? Mwaka 1742 huko Bristol, Uingereza, watu wa John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Mmoja wao akashauri kila mtu atoe peni moja kwa wiki, wagawanywe kumi na wawili kumi na wawili, na mmoja awe anapita kukusanya. Waliopita nyumba kwa nyumba wakakuta wasiyoyatarajia: huyu amelewa, yule anagombana na mkewe. Wesley akaona kwamba hapo ndipo kazi ya kuchunga ilipo. Vikundi vilivyoanza kwa ajili ya deni vikawa mahali pa watu kuulizana hali ya roho zao kila wiki. Ninyi mlianza kwenye kikoba. Ni mwanzo mzuri kuliko mnavyodhani.

Hapa kwetu pia tumewahi kuwa na watu walioelewa jambo hili. Bruno Gutmann, mmisionari aliyefanya kazi Old Moshi hadi mwaka 1938, aliona jinsi vijana wa Kichagga walivyoingia utu uzima wakiwa wamefungamana, kila mmoja akimbeba mwenzake, akaleta mpango huo kwa vijana wa kipaimara. Alikosea mengine, kwa maoni yangu aliufunga mno ukristo na ukoo, lakini katika hilo aliona mbali. Kisha ukaja uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ukafika Bukoba na baadaye mlimani kwetu. Mama yangu alikuwa mmoja wa hao waliookoka. Nikiwa mtoto wa miaka saba au nane nilimwona akisimama sebuleni mbele ya wanawake wengine, akamwambia jirani yetu, "Dada, ule msimu wa njaa nilikupunja. Debe halikujaa, niliweka maganda chini." Akalia, jirani akalia, wakaimba Tukutendereza, wimbo wa uamsho ule. Kesho yake asubuhi mama alijaza debe la maharage, akalifuta vumbi kwa khanga, akanituma nilipeleke. Mahubiri mengi ya utotoni nimeyasahau, lakini uzito wa debe lile kichwani bado ninao.

Uamsho ule ulikuwa na kasoro yake. Ilifika mahali watu wakalazimishwa kutubu hadharani mambo yasiyofaa kusikiwa na watu wote, na ambaye hakutubu kwa mtindo wao alionekana hajaokoka. Ninyi msifike huko.

Nikueleze na langu mwenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa na rafiki Mkatoliki, katekista na mwalimu mstaafu. Kila Ijumaa asubuhi tulitembea pamoja kando ya mfereji, kama saa moja hivi. Hatukuwa na kitabu. Mmoja anasema, mwingine anasikiliza, tukigeuka kurudi tunabadilishana. Wakati huo nilikuwa sisemeshani na mdogo wangu kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba la ukoo. Alihamisha masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, migomba yangu minne ikaangukia kwake. Minne tu! Nikiwa madhabahuni nafundisha msamaha, nyumbani kwa mdogo wangu sikanyagi. Rafiki yangu akaniuliza, "Mchungaji, umemsamehe?" Nikasema naliombea. Mwezi uliofuata akauliza tena. Nikasema bado naliombea. Mwezi wa tatu hakuuliza. Alikatisha njia, akanipeleka mpaka kwenye ule mpaka wenyewe, akachuma jani la isale, akanitia mkononi. Wewe ni Mchagga, unajua maana yake: jani hilo hupelekwa kuomba msamaha. Nilimpelekea mdogo wangu jani lile jioni, na hakulipokea. Alilipokea Desemba, watu wote walipokuja nyumbani. Ile miezi ya kungoja rafiki yangu aliendelea kuniuliza kila Ijumaa, "Leo unaonaje?" Sidhani Mlutheri mwenzangu angethubutu kumfanyia mchungaji wake hivyo. Yeye hakuwa chini yangu wala juu yangu. Hiyo ndiyo zawadi mnayoweza kupeana ninyi watatu, kwamba hakuna kati yenu mwenye cheo kwenye kanisa la mwenzake.

Mtakaporudi, acheni mada. Chukueni Injili ya Marko. Biblia ya jirani yako ina vitabu 73 na yako ina 66, lakini Agano Jipya ni vitabu 27 kwenu nyote, na Marko ina sura 16. Sura moja kila Alhamisi, ndani ya miezi minne mmemaliza. Isomeni kwa sauti, sura nzima, kisha mnyamaze dakika chache. Baada ya hapo kila mtu aseme ni mstari gani umemshika, na kwa nini wiki hii. Asisahihishwe na mtu. Halafu mwulizane, kila mtu kwa zamu yake: tangu tulipoachana umeshindwa wapi? Na mwisho: Alhamisi ijayo ungependa tukuulize nini? Hilo swali la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu mtu mwenyewe anawapa ruhusa, na anayejua ataulizwa Alhamisi huanza kubadilika Jumatatu. Ombeaneni kwa kutajana majina, muondoke. Yote yaishe kwa saa moja na nusu, maana mna watoto na chakula cha jioni. Mkifika sura ya 16, kaeni mwulizane kama mnaendelea au mnaachana kwa amani. Kikundi kisicho na mwisho huwa mzigo, na watu huanza kukikwepa bila kusema.

Muwe na ahadi mbili. Ya kwanza ni kwamba hakuna atakayemvuta mwenzake kanisani kwake. Ya pili ni siri, na hii nakuomba uishike kwa mikono miwili kwa sababu mimi niliivunja. Miaka mingi iliyopita mwanamume mmoja aliniambia jambo zito la nyumbani kwake. Jioni yake, katika kikao cha maombi, nikasema, "Tuiombee familia fulani, wanapita mahali pagumu." Sikutaja jina. Nilitaja mtaa tu, na idadi ya watoto. Kesho yake mchana mkewe aliulizwa sokoni. Yule bwana hakurudi tena kwangu, na sikumlaumu. Tangu siku hiyo najua kwamba ombi la maombi linaweza kuwa umbea uliofunga macho. La mwenzako ukitaka kuliombea mahali pengine, mwombe ruhusa yeye kwanza. La sivyo, liombee ukiwa peke yako.

Na akitokea mtu, kutoka kanisa lolote, likiwemo langu, anayesema Mungu amempa ujumbe kuhusu ndoa yako au fedha zako na kwamba ukitii utafunguliwa, mshukuru na usimpe chochote. Mwenzako wa kiroho anakuuliza maswali. Hakuamulii maisha.

Mzee wa kanisa usimwogope, na usimkasirikie. Ametumwa akuangalie, na amekuangalia. Nenda kwa mchungaji wako wewe mwenyewe kabla habari hazijafika kwa njia nyingine, umweleze mnakutana nani na nani na mnasoma nini, umwombe akuombee baraka. Usiache jumuiya ya mtaa wenu wala kwaya wala zamu za usafi. Mti unaokua hutanua matawi kwenye shamba la jirani huku mizizi ikiwa kwake. Yule wa Kibosho naye asiache jumuiya yake ndogo ndogo. Maaskofu Wakatoliki wa ukanda wetu waliziwekea mkazo jumuiya hizo tangu miaka ya 1970, na mimi huwa naona wivu mtakatifu nikiwaona wanavyofahamiana nyumba kwa nyumba. Wiki ya kuombea umoja wa Wakristo, tarehe 18 hadi 25 Januari, nendeni pamoja kama kuna ibada karibu. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi tunapeana mikono pale mbele, tunapiga picha, kila mtu anarudi kwake bila kujua mwenzake anaumwa nini.

Sasa mama mkwe. Sijui alichokufanyia, na sikulazimishi uniambie. Ila fungua Wagalatia sura ya 6. Mstari wa 2 Paulo anasema mchukuliane mizigo. Mstari wa 5 anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Watu husema anajipinga. Mimi nadhani aliwahi kutembea safari ndefu na watu wengine. Furushi ni lile lako la kila siku, nguo zako na chakula chako, nalo hubebi la mtu. Mzigo ni ule unaokushinda, ukiubeba peke yako unakuangusha njiani. Kumpigia simu mama mkwe, kuchunga ulimi wako mbele ya watoto, kumwambia mumeo kwa upole kinachokuumiza: hilo ni furushi lako, na hakuna wa kukubebea. Lakini hasira yenyewe, ile inayokuamsha saa nane usiku ukirudiarudia maneno yake, imeshakuwa mzigo. Umeusali peke yako miaka miwili na haujasogea, kwa sababu ulikusudiwa kubebwa na zaidi ya mtu mmoja. Alhamisi hiyo ya kwanza mtakapoulizana mmeshindwa wapi, utaje. Huhitaji kueleza yote. Sema tu, "Nina hasira na mama mkwe, na nimechoka nayo," kisha unyamaze uwaache wakae nalo. Wakianza kukushauri haraka, waambie hujaomba ushauri bado, umeomba wakuulize tena wiki ijayo.

Kabla ya yote hayo kuna ujumbe wa wiki mbili usiojibiwa. Usiandike maelezo marefu, wala usiombe radhi kwa mafundisho ya kanisa lolote. Mwandikie hivi: "Dada, Alhamisi nipo. Safari hii mtori naleta mimi."